Kayaki ya Kuvulia Besi Naivasha: Kasia, Pedali au ya Kujaza Upepo?

Anayetaka besi kwa kayaki upande huu wa Kenya ana ziwa moja la uhakika, nalo ni Naivasha. Samaki huyu wa Marekani, mwenye mdomo mkubwa na mgongo wa kijani iliyokolea, aliletwa humo mwaka wa 1929 na akapandikizwa tena baadaye. Ziwa Nakuru ni la magadi na limo ndani ya hifadhi, kwa hiyo liondoe kwenye hesabu. Ghuba ya Winam pale Kisumu ina mbuta, ngege, mumi na kamongo. Besi huko usimtafute. Mtu wa Nakuru ana kilomita 70 hivi za barabara kufika Naivasha, wa Kisumu anamaliza nusu siku njiani, na tofauti hiyo peke yake inaweza kukuamulia kayaki kabla hata hujafikiria ndoano.

Kayaki ya Naivasha huchaguliwa kwa mambo manne: gari la kuibeba, upepo wa mchana, vitu vilivyozama majini, na viboko. Msimamo wetu tuuweke wazi mapema. Kwa wavuvi wengi, ya plastiki ngumu, ya kukalia juu, yenye urefu wa mita 3.2 hadi 3.6 na inayoendeshwa kwa kasia ndiyo inayofaa. Nyingine zina mahali pake, lakini mahali penyewe ni pembamba kuliko wauzaji wanavyosema.

Tuanze na viboko, maana hakuna kayaki inayolimaliza jambo hilo. Naivasha haina mamba, lakini viboko ni wengi. Usiku hutoka kula nyasi, alfajiri hurudi majini, na mchana hujilaza kando ya mafunjo, yaani palepale besi anapopenda kujificha. Kiboko anaweza kukaa chini ya maji dakika tano hivi, kwa hiyo maji matupu si ushahidi wa chochote. Kayaki haina mlio, na huo ndio ubaya wake: unamfikia kabla hajajua kwamba upo. Gonga ubavu wa kayaki kwa kasia kila baada ya muda mfupi unapokaribia mafunjo, kaa mita 100 kutoka kundi lolote, na usikatize kamwe kati ya kiboko na maji ya kina, kwa sababu huko ndiko anakokimbilia. Ukiona mapovu au mkunjo wa maji unaokuja kwako, ondoka bila kungoja kichwa. Usiingie majini kabla jua halijapanda vizuri, na usiende peke yako. Mgeni wa ziwa hili afanye safari ya kwanza kwa boti ya injini iliyokodiwa pamoja na mwendeshaji wa pale pale, aonyeshwe makundi yanalala wapi msimu huo. Gharama ya asubuhi moja ya boti ni ndogo kuliko ya kayaki utakayojutia.

Pengine baada ya asubuhi hiyo utagundua huhitaji kayaki kabisa. Nalo ni jibu zuri tu.

Kwa wanaoendelea, hivi ndivyo vipimo vya kawaida vya aina nne:

| | Kasia, ya kukalia juu | Pedali, ya kukalia juu | Ya kujaza upepo | Ya kukalia ndani |
|---|---|---|---|---|
| Uzito mtupu | kilo 25–35 | kilo 40–55 | kilo 12–20 | kilo 20–25 |
| Urefu | m 3.0–3.6 | m 3.2–4.0 | m 3.0–3.8 | m 2.8–3.6 |
| Upana | sm 75–88 | sm 85–95 | sm 85–100 | sm 65–75 |
| Kina cha maji inachohitaji | sm 10–15 | sm 40–50 pedali zikifanya kazi | sm 10–15, zaidi ikiwa na pezi | sm 10–15 |
| Kuitayarisha ufuoni | dakika 10 | dakika 15–20 | dakika 15–25 | dakika 10 |
| Usafiri | keria ya gari | pikapu au trela | begi moja | keria ya gari |

Kasia dhidi ya pedali

Pedali zina faida moja kubwa isiyobishaniwa: mikono inabaki kwenye ufito wa kuvulia. Besi hukaa kandokando ya kitu, kisiki au ukingo wa mafunjo, na kayaki lazima ishikiliwe mahali pamoja huku unarusha. Kwa kasia, kila upepo unapokusogeza inabidi uweke ufito chini, upige makasia mawili matatu, kisha uuokote tena. Wakati huo chambo kimeshazama kwenye matawi. Kwa pedali unasukuma kidogo kwa miguu na kazi inaendelea. Pedali za propela zina jambo la pili zuri, nalo ni kurudi nyuma. Besi akishaumwa na ndoano hukimbilia ndani ya miti, na anayeweza kurudi kinyumenyume mita tatu humtoa nje bila kugombana na mshipi.

Sasa angalia maji yenyewe. Tangu ziwa lilipofurika mwaka wa 2020, kingo zake zimejaa migunga iliyokufa ikiwa imesimama, na chini ya maji kuna nguzo na seng'enge za mashamba yaliyozama. Juu kuna gugumaji, ambalo limekuwa humu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Katikati kuna nyavu, nyingine zimetegwa, nyingine zimetelekezwa. Propela ya pedali hushuka sentimita 40 hadi 50 chini ya kayaki, na vyote hivyo vinaingoja.

Mzizi wa gugumaji una nyuzi laini nyingi, na propela huuzungusha kwenye mhimili wake polepole mpaka miguu inaanza kuhisi uzito. Kosa la wengi ni kukanyaga kwa nguvu zaidi. Ukifanya hivyo, mzizi hujikaza kama kamba mbichi na pini ndogo inayolinda gia hukatika. Imewekwa hapo ili ikatike, gia isivunjike. Dawa ni kuacha kukanyaga mara tu uzito unapoanza, kupandisha propela juu, kuizungusha kwa mkono kinyume mpaka mzizi ulegee, kisha kukata kwa kisu. Uzi wa wavu usiuvute hata kidogo. Ukate vipande vifupi kuuzunguka mhimili wote, uvitoe kimoja kimoja, na uhakikishe hakuna kilichobaki nyuma ya sili, ile raba inayozuia maji yasiingie kwenye gia, la sivyo utasaga sili yenyewe na gia itaingia maji. Wavu ukiwa ni wa mtu, yaani una maboya na umetegwa, usikate chochote cha ziada. Utamkuta mwenyewe ufuoni. Beba pini mbili za akiba na kasia kamili. Kayaki ya pedali bila kasia ni makosa ya wazi.

Pedali za mapezi, zile zinazopigapiga kama miguu ya bata, hupita penye magugu vizuri kuliko propela, kwa sababu ukikanyaga mguu mmoja mpaka mwisho mapezi hulala chini ya kayaki. Lakini zikigonga kisiki mlingoti wa pezi hupinda, na mlingoti mpya hutoka ng'ambo. Hapo ndipo bei inapouma mara ya pili. Mara ya kwanza ni dukani, ambako ya pedali huwa mara mbili au tatu ya ile ya kasia. Na kilo 50 hizo mtu mmoja hazipandishi juu ya gari baada ya saa tano za jua.

Kwa hiyo chagua pedali ikiwa una pikapu, una mwenzako wa kubeba, na unapanga kuvua maji ya wazi au kuta za kina kuzunguka Crescent Island. Kama utakuwa kwenye migunga na magugu siku nzima, utaishia kuzipandisha na kupiga kasia kayaki nzito na pana. Huo ni mchezo wa kulipia kitu usichokitumia.

Kwenye upepo mizani huegemea pedali tena, na ni haki kusema hivyo. Asubuhi Naivasha hutulia. Kuanzia saa sita au saba mchana upepo huinuka na mawimbi mafupi huanza. Mpiga kasia wa kawaida huenda kilomita 4 au 5 kwa saa, na upepo wa mbele unaweza kuikata kasi hiyo nusu. Miguu huchoka taratibu kuliko mabega. Mwenye kasia anajilinda kwa mpango: anavua kuanzia asubuhi, anahakikisha upepo wa mchana utamsukuma kuelekea alikotokea, na saa sita anakuwa ameshatoka. Kasia lenyewe liwe la urefu unaofaa. Kayaki ya upana wa sentimita 80 na zaidi yenye kiti kilichoinuliwa inataka kasia la sentimita 240 hadi 250. La 220 litakufanya uinamie maji kila pigo na kugonga ubavu, na jioni utalalamikia mgongo.

Ya kujaza upepo

Hii ndiyo ya mtu wa matatu. Begi la kilo 15 linaingia buti, boda boda inalifikisha ufuoni Kamere, na nyumbani linakaa chini ya kitanda. Kwa anayetoka Kisumu bila gari, haina mpinzani. Inaelea vizuri, ni pana, na haipinduki kirahisi.

Adui zake ni watatu. Wa kwanza ni miiba ya migunga na seng'enge. Kitambaa cha PVC cha kayaki ya bei ya chini hakivumilii tawi kavu lililochongoka chini ya maji, na ukingo wa Naivasha umejaa matawi hayo. Nunua yenye vyumba vya hewa visivyopungua vitatu vinavyojitegemea, ili kimoja kikitoboka viwili vikurudishe. Zile za kuchezea ufukweni, zenye plastiki nyembamba isiyo na nyuzi ndani, ziachie bwawa la kuogelea.

Wa pili ni jua. Hewa iliyofungiwa hupanuka ikipata moto. Kayaki uliyoijaza psi 3 (kipimo cha mgandamizo wa hewa) asubuhi ya nyuzi 20, ikaachwa mchangani mpaka hewa ya ndani ikafika nyuzi 50, hupanda hadi psi 4 na nusu hivi. Mishono hufunguka hapo, wala si majini. Ukiitoa ziwani kupumzika mchana, fungua vali upunguze hewa kidogo au iache nusu ndani ya maji. Kinyume chake hutokea ukiijaza juani kisha ukaiingiza kwenye maji ya baridi: inalegea, inapinda katikati, na unafikiri imetoboka. Ijaze, iweke majini dakika kumi, kisha iongeze.

Wa tatu ni upepo. Kayaki hizi hukaa juu ya maji na kusukumwa kama jani. Pezi la chini husaidia kwenda moja kwa moja, lakini kukaa mahali pamoja mbele ya kisiki ni kazi ngumu.

Kiraka si jambo gumu. Kausha, sugua kwa msasa laini, futa kwa asetoni, paka gundi ya PVC kwenye kiraka na kwenye kayaki, subiri ikaribie kukauka, bandika, kandamiza kwa chupa. Kiraka kipite tundu kwa sentimita 5 kila upande, na usijaze hewa mpaka saa 24 ziishe. Wanaoharibu ni wale wanaobandika kukiwa na unyevu au wanaotumia gundi ya viatu. Na ikifika nyumbani ianikwe ikauke kabisa kivulini. Ikikunjwa na maji huota ukungu kwenye mishono.

Ya kukalia ndani

Kwa besi wa Naivasha, hapana. Ni nyepesi, ina kasi, na inakuweka mkavu, lakini ikipinduka tundu la kukalia hujaa maji, na kila lita ni kilo moja. Lita 150 ndani yake na huwezi kuinyanyua wala kurudi ndani bila msaada. Ya kukalia juu ina matundu yanayotoa maji yenyewe. Ukianguka, unaigeuza ikae sawa, unashika ukingo wa mbali katikati yake, unapiga miguu mpaka mwili ulale juu ya maji, unajivuta ukiwa umelala kifudifudi, halafu unageuka ukae. Fanya hivyo mara kadhaa kwenye bwawa la kuogelea ukiwa umevaa jaketi la kuokoa maisha kabla hujaenda ziwani, kwa sababu jaketi lenye mifuko iliyojaa hukwama ubavuni na wengi hawajui mpaka siku yenyewe.

Kisumu hoja hubadilika kidogo. Kingo za Ghuba ya Winam zina kichocho, na ya kukalia juu inakulowesha miguu muda wote. Hata hivyo, dhoruba za alasiri za ziwa lile ni kali, na ukipinduka bado utataka ile unayoweza kuirudia. Vaa viatu vya maji na suruali ndefu, jikaushe mara moja, na ukapimwe kliniki baadaye. Huko chagua ndefu zaidi, mita 3.6 hadi 4.2, ikate mawimbi. Angalia pia gugumaji: upepo ukigeuka, utando wake unaweza kuziba ufuo wa Dunga ulikotokea wakati wewe uko ghubani. Mito ya Nzoia, Yala na Sondu haina besi, na sehemu zake za chini zina mamba. Anayekwenda kwa ajili ya ningu au mumi atavua kwa usalama zaidi akiwa ukingoni.

Vifaa vinavyobadilika kulingana na kayaki

Uzito kwanza. Kayaki iliyoandikwa kilo 150 ipakie 105 hivi, yaani asilimia 70: mtu wa kilo 80 na vitu vya kilo 25. Ukizidi, maji hupanda kupitia matundu ya kutolea maji na unakaa ndani ya dimbwi. Kuyaziba kwa vizibo kunaondoa dimbwi, ila wimbi likiingia halitoki.

Nanga ya kukunja ya kilo 1.5 na kamba ya mita 20 zinatosha sehemu nyingi za Naivasha. Ifungwe omo au tezi, yaani mbele au nyuma, kamwe isifungwe ubavuni, kwa sababu upepo ukivuta kayaki iliyofungwa ubavuni huilaza. Kwa sababu ya seng'enge, funga kamba kwenye kichwa cha nanga, upande wa makucha, kisha ishikize kwenye pete ya juu kwa uzi mwembamba. Ikinasa, vuta kwa nguvu: uzi unakatika na nanga inatoka kinyumenyume. Kwenye ya kujaza upepo nanga ya makucha ni hatari kwa kayaki yenyewe. Tumia mfuko wa mchanga. Penye migunga mingi, kamba fupi kwenye tawi kwa fundo la kufunguka haraka ni bora kuliko nanga yoyote.

Ufito wa mita 2 hadi 2.1 wenye mpini mfupi unatosha. Usiwe mfupi zaidi, kwani lazima uweze kuupitisha mbele ya omo samaki akivuka upande wa pili. Mshipi wa kusukwa wa kilo 13 hadi 15, ncha ya fluorokaboni ya kilo 6 au 7. Kwenye visiki, funza wa plastiki wa sentimita 15 kwenye ndoano ya 3/0 iliyofichwa ncha ndani ya mwili wake, na chubwi ya gramu 7 mbele. Rangi ya kahawia inayoelekea wekundu hufanya kazi kwa sababu besi wa hapa hula sana kamba wa maji baridi walioletwa kutoka Marekani mwaka wa 1970. Maji yakichafuka, ama kwa mvua za Mto Malewa ama kwa samaki wa kigeni aitwaye kapu anayefukua matope, besi haoni mbali. Badili uweke chambo chenye bapa la chuma linalozunguka, au funza mweusi. Leseni ya uvuvi wa burudani itafute ofisi ya uvuvi, na upitie kwa BMU, yaani kamati ya usimamizi wa ufuo, ya pale unaposhukia.

Ukinunua iliyotumika

Ya plastiki ngumu hutengenezwa kwa poliethilini kwa njia ile ile ya matangi ya maji, kwa hiyo fundi anayechomelea matangi anaweza kuiziba, mradi atumie ufito wa plastiki ya aina hiyo hiyo. Gundi haishiki. Ukiikuta imepakwa gundi au silikoni mahali, jua hapo paliwahi kuvuja na bado panavuja.

Nyufa hujificha sehemu mbili: ndani ya matundu ya kutolea maji, ambako magurudumu ya kusukumia hukandamiza, na chini ya tezi, ambako wavivu huiburuta. Usizitafute kwa macho tu. Fungua mfuniko, mimina lita 20 za maji ndani ya mwili wa kayaki, iweke juu ya mawe mawili, kisha iinamishe upande mmoja baada ya mwingine ukipapasa chini kwa mkono mkavu. Tone moja kwenye kizibo si tatizo, raba ya kizibo hubadilishwa. Tone kwenye tundu la kutolea maji litoe kwenye bei gharama ya fundi. Plastiki iliyopauka na kuacha unga mweupe kidoleni imekaa juani miaka, na hiyo mwachie mwenyewe.